Je, wajua? Kwa nini timu inayoshinda inaweza kuachwa bila ligi

Katika msimu wa 2022 wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu, timu ya Oregon State, chuo cha umma kilichoko katika mji mdogo wa Corvallis, ilicheza mechi 13 na kushinda 10, ya mwisho ikiwa ni ile iliyoichapa Florida 30 kwa 3 mjini Las Vegas. Colorado, iliyokuwa katika ligi hiyo hiyo, ilishinda mechi moja na kupoteza 11. Kabla msimu uliofuata haujaanza, Colorado ilikuwa imekwisha kualikwa katika ligi yenye mkataba mnono zaidi. Oregon State ilibaki na mwenzake mmoja tu, Washington State, katika ligi iliyokuwa na wanachama 12. Iliwezekanaje?

Jibu linalomjia haraka msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi ni kwamba vyuo hivyo viwili vilishuka daraja. Tumekulia kwenye ligi zenye madaraja, ambamo timu inayomaliza mkiani inashuka na inayofanya vizuri huko chini inapanda, kwa hiyo tukisikia kwamba ligi ya vyuo vya magharibi ya Marekani, iliyojulikana kama Pac-12, ilisambaratika na kuacha wawili, tunachukulia kwamba walioachwa ndio waliokuwa wabovu. Msimamo wa ligi unakataa. Mwaka huo wa 2022 Stanford ilishinda mechi tatu, Arizona State tatu na Colorado hiyo moja, jumla saba, yaani pungufu kwa tatu kuliko ushindi wa Oregon State peke yake, na zote tatu zilipata pa kwenda. Tarehe 23 Septemba 2023, wiki chache baada ya ligi kuvunjika, Washington State na Oregon State zilikutana mjini Pullman, nyumbani kwa Washington State, zote zikiwa miongoni mwa timu 25 bora za nchi nzima. Washington State ilishinda 38 kwa 35. Ndizo hizo zilizokosa mwaliko.

Wala si suala la udogo wa chuo, kwani Oregon State ina wanafunzi zaidi ya 30,000, wengi kuliko Stanford. Wala si suala la historia, kwani Oregon State, wakati huo ikiitwa Oregon Agricultural College, ilikuwa mmoja wa waasisi wanne waliounda umoja wa awali wa ligi hiyo mjini Portland mwaka 1915. Hata mataji hayasaidii sana: Stanford, yenye mataji mengi ya kitaifa ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kuliko chuo kingine chochote, ilinusurika kwa kukubali asilimia 30 tu ya mgawo wa televisheni kwa miaka saba katika ligi ya pwani ya Atlantiki, kilomita elfu nne kutoka kwake. Na hakuna aliyefukuzwa. Wale wawili hawakuondolewa katika ligi. Ligi ndiyo iliyoondoka ikawaacha wao, jambo ambalo katika mfumo wetu wa madaraja halina hata mahali pa kuandikwa.

Usuli wake ni mfupi. Michezo ya vyuo vya Marekani imepangwa katika konferensi, yaani miungano ya hiari ya vyuo vinavyocheza vyenyewe kwa vyenyewe, kumpata bingwa wao na kuuza kwa pamoja haki za kutangaza mechi. Mwanachama huingia kwa mwaliko na kutoka kwa barua. Hadi mwaka 1984 NCAA ndiyo iliyoamua ni mechi ngapi za futiboli zioneshwe kwenye televisheni, lakini Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha utaratibu huo kwa kura saba dhidi ya mbili katika kesi iliyofunguliwa na vyuo vya Oklahoma na Georgia. Tangu hapo kila konferensi inajiuzia yenyewe, na thamani ya mwanachama imekuwa ni kile anachoongeza kwenye mauzo hayo.

Kitu kinachostahili subira ni namna ligi nzima inavyoweza kuporomoka wakati hakuna mwanachama hata mmoja aliyedhoofika. Chukua wafugaji 12 waliounda ushirika wa maziwa. Wanauza pamoja lita 240 kwa siku na kugawana malipo sawasawa, kila mmoja akipata ya lita 20, ingawa hawaleti sawa: wawili wanaleta lita 50 kila mmoja, wawili wengine 22, wanne 16 na wanne wa mwisho 8. Kwa miaka mingi hakuna anayelalamika sana, kwa kuwa mnunuzi anapenda kuchukua maziwa yote mahali pamoja na wenye lita 50 ni majirani wa muda mrefu. Kisha ushirika wa ng'ambo ya bonde, ambao mgawo wake ni wa lita 30, unawaita wale wawili wakubwa. Unawaita kwa hesabu nyepesi: anayeleta lita 50 anapandisha mgawo wa kila aliyemo, ilhali anayeleta 22 angeushusha. Wawili wanahama. Waliobaki kumi wana lita 140, hivyo mgawo unashuka kutoka lita 20 hadi 14, na hakuna ng'ombe hata mmoja aliyepunguza maziwa.

Sasa wale wa lita 22 wanajikuta wakipokea ya lita 14, na wanauambia ule ushirika tajiri kwamba wako tayari kulipwa nusu ya mgawo wake ilimradi wapokelewe. Wakiondoka, mgawo wa wanane waliobaki ni lita 12. Kuna ushirika wa tatu, wa kati, wenye mgawo wa lita 16. Wale wanne wanaoleta 16 hawautii hasara, nao wanafaidika kuhamia huko. Wanabaki wanne wenye lita 8, kila mmoja akilipwa lita 8 zake. Mfugaji huyu ametoka mgawo wa 20 hadi 8 bila kukosea chochote zizini, na bila mtu yeyote kumpigia kura ya kumtoa. Na ubora wa maziwa yake haujaulizwa, kwa sababu mnunuzi anapima kwa lita.

Matukio ya kweli yalifuata karibu mpangilio huo huo. Tarehe 30 Juni 2022 USC na UCLA, vyuo vya Los Angeles, soko la pili kwa ukubwa wa televisheni nchini humo, vilitangaza kuhamia Big Ten, konferensi ya Kati Magharibi ambayo miezi miwili baadaye ilitia saini mkataba wa miaka saba na kampuni za televisheni za Fox, CBS na NBC wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7. Mwezi Oktoba konferensi nyingine, Big 12, iliongeza mkataba wake na televisheni za ESPN na Fox, ikawa na fedha za uhakika wakati Pac-12 ilikuwa bado inatafuta mnunuzi. Colorado iliondoka Julai 2023. Asubuhi ya tarehe 4 Agosti, mezani pa Pac-12 palikuwa na pendekezo la kampuni ya Apple la kuonesha mechi zake, ambalo malipo yake yangetegemea kwa sehemu idadi ya watu watakaolipia huduma hiyo. Ilipofika jioni Oregon na Washington zilikuwa zimekwenda Big Ten kwa takriban nusu ya mgawo kamili, na Arizona, Arizona State na Utah zimekwenda Big 12. Stanford na California ziliingia konferensi ya Atlantiki tarehe 1 Septemba. (Big Ten leo ina wanachama 18 na Big 12 ina 16, na inaelekea hakuna anayeona haja ya kubadilisha vibao.)

Hesabu ya maziwa ina kasoro moja ambayo haifai kufichwa. Lita ni za mfugaji mmoja, lakini mtazamaji ni wa mechi, na mechi inahitaji timu mbili. Watu waliowasha televisheni kuangalia Oregon ikicheza na Oregon State walikuwa wa nani? Hakuna njia safi ya kuwagawa, na anayesema kwamba chuo fulani kina thamani ya dola kadhaa anakadiria kwa kuangalia wapinzani ambao chuo hicho kilipangiwa. Kocha naye huvuruga hesabu: Colorado iliyoshinda mechi moja ilimwajiri Deion Sanders, nyota wa zamani wa futiboli ya kulipwa, mwezi Desemba 2022, na ghafla ikawa timu inayotazamwa. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba Corvallis na Pullman zilipimwa zikaonekana nyepesi. La uhakika zaidi ni kwamba waliokuwa wakipima waliziona hivyo, na hilo lilitosha.

Walioachwa walipata faraja ya aina yake mahakamani. Kanuni za konferensi zilisema kwamba mwanachama atakayetoa notisi ya kujitoa kabla ya tarehe 1 Agosti 2024 anapoteza kiti katika bodi. Kumi walikuwa wametoa notisi na bado walitaka kuendelea kupiga kura. Vyuo viwili vilifungua kesi katika kaunti ya Whitman, kaunti ya mashamba ya ngano ambamo Pullman imo, na mwezi Novemba 2023 jaji aliamua kwamba bodi halali ni wao wawili. Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington ilikataa kuingilia, na katika maafikiano yaliyofuata wanaoondoka waliacha dola milioni 65 nyuma yao. Hivyo taasisi yenye zaidi ya miaka 100 ilikuwa na jina, akiba, na wajumbe wawili tu katika bodi.

Fedha hizo zilikuwa za kununulia muda. Kanuni za NCAA ziliwapa miaka miwili ya kufikisha tena wanachama wanane, na katika msimu wa 2024 walilipa konferensi ya Mountain West dola milioni 14 ili wapangiwe mechi. Corvallis kulikuwa na fedheha ya pekee: upande mzima wa magharibi wa uwanja wa Reser ulikuwa umebomolewa na kujengwa upya kwa zaidi ya dola milioni 150, ukafunguliwa Septemba 2023, mwezi mmoja baada ya wageni wa kuujaza kutangaza kuondoka. Kocha Jonathan Smith, aliyewahi kuichezea Oregon State mwenyewe, alikwenda Michigan State mwezi Novemba. Cam Ward aliihama Washington State akaenda Miami, na mwaka 2025 alikuwa mchezaji wa kwanza kuchaguliwa na timu za kulipwa za NFL. Hata hivyo wachezaji wa vyuo sasa wanahama kwa urahisi kila mahali, na si kila anayeondoka Pullman anaikimbia ligi iliyovunjika.

Athari iliyo wazi zaidi iko kwenye michezo isiyoleta fedha, kwa kuwa futiboli ndiyo inayolipia mingine. Hapa wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya kulijua jina la Washington State. Henry Rono, Mkenya kutoka Nandi, alikuwa mwanafunzi wake mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia katika siku 81: mita 5,000 mjini Berkeley, 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Seattle, 10,000 mjini Vienna na 3,000 mjini Oslo. Rekodi mbili za kwanza ziliwekwa katika miji ya vyuo viwili vya konferensi yake, vyuo ambavyo leo vinakimbizana na vya pwani ya Atlantiki na vya Kati Magharibi. Samson Kimobwa alimtangulia hapo, na Bernard Lagat alikuja baadaye. Mwezi Juni 2025 chuo kilitangaza kufuta mitupo na miruko, kupunguza mbio fupi na za viunzi, na kuelekeza nguvu katika mbio ndefu. Mtu anaweza kuona heshima kwa Rono katika uamuzi huo, lakini mimi naona bajeti: mkimbiaji wa masafa marefu anahesabika pia katika mbio za nyika, na vifaa vyake ni jozi ya viatu.

Walioachwa walifanya nini walipopata nguvu? Walichofanyiwa. Mwezi Septemba 2024 walizichukua Boise State, Colorado State, Fresno State na San Diego State kutoka Mountain West, ile ile iliyowapa mechi, kisha Utah State kutoka huko huko. Baadaye wakaongeza Gonzaga, isiyocheza futiboli, na Texas State, ili konferensi mpya ianze Julai 2026. Mkataba wa kupangiwa mechi ulikuwa na faini kwa kila chuo kitakachonyakuliwa, jumla dola milioni 55 kwa vitano, nao wakaenda mahakamani wakidai kwamba faini hiyo inabana ushindani. Mountain West iliyopunguka ikakichukua chuo cha UTEP kutoka konferensi ya Conference USA. Pengo linashushwa ngazi kwa ngazi hadi limfikie asiye na wa kumchukua.

Njia moja ya kuzuia mteremko huu ni kuacha kugawana sawa. Mwezi Machi 2025 konferensi ya Atlantiki, ikimaliza kesi zake na wanachama wake wawili, Florida State na Clemson, ilikubali kwamba asilimia 60 ya fedha za televisheni igawanywe kwa kufuata idadi ya watazamaji. Mwenye lita 50 hana tena sababu kubwa ya kuhama, na mwenye lita 8 anabaki na ratiba na wapinzani wake, ila kwa mgawo uliopungua akiwa bado nyumbani. Maafikiano hayo hayakufunga mlango: ada ya kujitoa inapungua mwaka hadi mwaka mpaka dola milioni 75 katika msimu wa 2030-31, wakati ambapo mikataba mikubwa ya Big Ten na Big 12 nayo itakuwa imefikia kujadiliwa upya.