Posa ikirudi, kazi ukinyimwa: bitahon inafanya kazi vipi

Neno letu "kutawakali" lina ndugu wa damu katika maktaba ya Wayahudi. Bahya ibn Paquda, hakimu wa dini katika Hispania ya karne ya 11, aliandika Wajibu wa Mioyo kwa Kiarabu, kwa herufi za Kiebrania. Kitabu kina milango 10, na mlango wa 4 aliuita mlango wa tawakkul. Karne iliyofuata Yehuda ibn Tibbon akakitafsiri kwa Kiebrania kusini mwa Ufaransa, na mahali pa tawakkul akaweka bitahon. Hadi leo anayetaka kujifunza namna ya kumtegemea Mungu huelekezwa kwenye mlango huo kwanza.

Bitahon na imani si kitu kimoja. Imani, emuna, ni kukubali kwamba Mungu yupo na anauendesha ulimwengu, na huo usimamizi wake unaomfikia kila mtu mmoja mmoja huitwa hashgaha pratit. Mtu anaweza kuyakubali hayo yote akiwa ameketi raha mustarehe. Bitahon hupimwa pale simu inapolia na mshenga akasema, "Wamesema hapana." Bahya anaieleza kuwa ni utulivu wa nafsi ya anayetegemea: moyo wake umemwegemea yule anayemtegemea, kwamba atamtendea lililo jema na linalomfaa.

Kisha anadai hesabu. Ili umtegemee mtu kikamilifu, anasema, lazima sifa 7 zikutane kwake: akuhurumie, asikusahau, awe na nguvu zisizozuilika, ajue linalokufaa, la ndani na la nje, awe amekulea tangu mwanzo wako hata mwisho wako, mambo yako yote yawe mikononi mwake peke yake, na ukarimu wake uwafikie hata wasiostahili. Ikikosekana moja tu, tegemeo lina ufa. Mchukue sasa afisa ajira aliyesoma maombi yako, umpitishe kwenye sifa hizo. Pengine ana huruma. Pengine anakukumbuka. Lakini linalokufaa halijui, na mwezi ujao anaweza kuhamishwa idara. Zoezi hili nalipendekeza kwa yeyote anayesubiri majibu. Lifanye kabla ya jibu kuja, kwa kuwa likishakuja moyo hauna subira ya kuhesabu.

Sasa kuna kosa ambalo naliona kila mahali, na linaumiza watu. Aliyekataliwa huambiwa, "Mungu amefunga mlango huu akufungulie ulio bora." Je, Uyahudi unaahidi hivyo? Wakubwa wenyewe hawakubaliani. Avraham Yeshayahu Karelitz wa Bnei Brak (1878–1953), anayejulikana kwa jina la Chazon Ish, aliliita wazo hilo kosa la siku nyingi. Kwake, asiyepewa unabii hajui kesho ina nini. Bitahon ni kujua kwamba hakuna bahati nasibu, kwamba hili lililonipata limetoka kwa Mungu, basi. Upande wa pili wako Wahasidi wa Lubavitch, jumuiya ya Wayahudi wenye uchaji wa bidii, na msemo wao wa Kiyidishi, tracht gut vet zain gut: waza mema, yatakuwa mema. Kiongozi wao Menachem Mendel Schneerson (1902–1994) alilifafanua hivi: kutegemea kwenyewe ni kazi nzito, na kwa kazi hiyo mtu anastahilishwa kuona wema wa waziwazi, hata kama matendo yake yasingemfikisha hapo.

Zote mbili ni njia za watu wachaji. Lakini kwa aliyekataliwa juzi nampa ya Chazon Ish, na sababu ni ya kivitendo: ukimwahidi mlango bora, kila mwezi unaopita bila mlango unageuka ushahidi dhidi ya Mungu. Aliyefundishwa kwamba hata "hapana" imepita mikononi mwa Mungu hana tarehe ya kungoja iishe.

Mfano mkuu wa kukataliwa uko katika Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho na mijadala ya marabi, sehemu iitwayo Berakhot, ukurasa wa 60b. Rabi Akiva, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa humo, alifika mji fulani, akaomba mahali pa kulala, wakamnyima. Akasema kwa Kiaramu, kol de'avid Rahmana letav avid: yote ayatendayo Mwingi wa Rehema ayatenda kwa wema. Akaenda kulala porini, na mali yake ilikuwa vitu vitatu: punda, jogoo na taa. Upepo ukaizima taa, paka akamla jogoo, simba akamla punda. Kila mara alirudia maneno yale. Usiku uleule jeshi likaja likauteka mji. Kisa kinaishia asubuhi, naye anawaambia: sikuwaambia kwamba yote ni kwa wema?

Tazama mpangilio wake. Maneno yalitamkwa mlangoni, mbele ya watu waliomnyima, kabla ya jeshi na kabla ya asubuhi. Tena yalitamkwa mara kadhaa wakati mambo yakizidi kuharibika. Ndiyo maana Shulhan Arukh, kitabu cha sheria cha karne ya 16, hakikuyaweka maneno haya kwenye hadithi bali kwenye sheria (Orah Hayim 230:5): mtu awe na mazoea ya kuyasema daima. Mazoea huanza na madogo, basi lililokuacha kituoni au duka lililofungwa umefika. Asiyeyatumia kwenye basi hatayapata ulimini siku ya posa kurudi.

Saa za kwanza baada ya jibu zina kanuni zake, na hapa Mishna, mkusanyo wa sheria ulio msingi wa Talmudi, ina ukali wenye huruma. Mlango wa 9 wa Berakhot unasema kulilia jambo lililokwisha kupita ni sala ya bure. Inatoa mfano: mtu anarudi safarini, anasikia kilio mjini, anaomba, "Kisiwe nyumbani kwangu." Kilio kimeshatokea mahali kilipotokea. Kwa hiyo barua ikiwa mkononi na bahasha bado haijafunguliwa, usiombe iwe na "ndiyo" ndani, wino umeshakauka. Kuomba nguvu za kuisoma kunaruhusiwa, na kuomba njia ya mbele pia. Kulia kwa uchungu si sala ya bure wala si upungufu wa bitahon. Hana alilia mbele ya hema la Shilo hata kuhani Eli akamdhania mlevi, na Talmudi imechota kanuni za sala kwake huyohuyo.

Mlango huohuo wa Mishna unamtaka mtu abariki kwa baya kama anavyobariki kwa jema. Baraka ya habari mbaya, "Hakimu wa kweli", siku hizi watu wengi huisema pamoja na Jina la Mungu kwenye msiba wa kifo tu. Kwa kazi au posa hutosha maneno ya Akiva, au gam zu letova, "hili nalo ni kwa wema". Kubariki kama kwa jema hakumaanishi kufurahi sawasawa. Jibu baya linaweza kubaki baya mdomoni huku ukilikiri kuwa limetoka kwa mmoja yuleyule.

Je, baada ya hapo uombeje? Katika Amida, sala kuu inayosaliwa kwa kusimama, ile ya siku za kazi yenye baraka 19, ombi lako binafsi huingia kwenye baraka ya 16, "Sikia sauti yetu", kwa lugha yoyote unayoiweza. Ila Talmudi (Moed Katan 18b) ina onyo la kulikariri. Rava, mmoja wa wanazuoni wake, alimsikia mtu akiomba, "Fulani awe wangu." Akamkataza: kama anakufaa hatakuondokea, na kama hakufai, utaishia kumkana Mungu. Rava alikuwa ameona ajali hii kabla haijatokea. Ombi lililofungwa kwenye jina moja la mchumba au kampuni moja linageuza "hapana" ya binadamu kuwa "hapana" ya Mungu. Omba mwenzi, omba riziki, omba mahali pa kufanyia kazi yako, na jina uliache wazi. Ben Azzai, mwanazuoni mwingine wa Talmudi, ana neno la kushika hapo: kwa jina lako watakuita, mahali pako watakukalisha, kilicho chako watakupa, na hakuna agusaye kilichoandaliwa mwenziwe (Yoma 38).

Kazi ngumu zaidi iko kwa aliyekukataa. Bahya anaelekeza hivi: uliyemwomba akikutimizia, mshukuru Mungu kisha umshukuru yeye, asipokutimizia, usimlaumu, mshukuru Mungu aliyekuchagulia, na umsifu kwa juhudi aliyoifanya. Kwa mshenga ina maana ya simu moja zaidi: "Asante kwa kujisumbua." Wengi huiacha simu hiyo, na mshenga naye huona uzito kuwarudia.

Na aliyekukataa kwa dharau? Sefer HaHinukh, kitabu kinachoeleza amri za Torati moja moja, kwenye amri ya 241 juu ya kutolipiza kisasi, inaeleza mzizi wake: mtu ajue kwamba lililompata, jema au baya, limetoka kwa Mungu, kwa hiyo asielekeze moyo kwenye kisasi. Mfalme Daudi alipokuwa akimkimbia mwanawe Absalomu, Shimei alimtupia mawe na laana. Abishai akataka kumkata kichwa, Daudi akamzuia: Mungu ndiye aliyemwambia alaani. Lakini Biblia hiyohiyo, mwanzoni mwa 1 Wafalme, inamwonyesha Daudi akimkumbusha Sulemani hatia ya Shimei. Kutumwa hakumwondolei aliyetumwa hatia, kwa sababu alichagua mwenyewe kuwa fimbo. Sheria ya Kiyahudi ina malipo 5 kwa anayemjeruhi mwenzake, na la mwisho ni fidia ya aibu. Kwa hiyo uliyenyimwa haki yako kwa ubaguzi, dai haki yako. Bitahon inakukataza sumu ya moyoni, haikukatazi kwenda mahakamani. Sumu hiyo ina dawa ya mara tatu kwa siku mwishoni mwa Amida, kabla ya kurudi nyuma hatua tatu: "Na wanaonilaani, nafsi yangu inyamaze mbele yao." Isome polepole siku hiyo.

Ukishanyamaza, unaanza tena. Juhudi inaitwa hishtadlut, na ni wajibu. Kinachosumbua ni kipimo. Yusufu aliuzwa akiwa na miaka 17 kwa vipande 20 vya fedha, akasimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30. Katikati, akiwa gerezani, alimwomba mnyweshaji wa Farao amkumbuke, mnyweshaji akamsahau, na Midrash, mapokeo ya marabi ya kuifafanua Biblia, inasema kwa ombi hilo aliongezewa miaka 2 gerezani. Je, kuomba msaada ni dhambi? Hapana, babake Yakobo alijiandaa kukutana na Esau kwa zawadi, kwa sala na kwa vita. Chazon Ish analifumbua fumbo: watu wenye kiburi wa aina ile hawana desturi ya kukumbuka, kwa hiyo kumwomba kulikuwa kushika unyasi kwa kukata tamaa, na hakukustahili kuitwa juhudi. Kipimo changu ninachokitoa hapo ni hiki: juhudi ni hatua ambayo mtu mwenye akili timamu angeichukua kwa matumaini ya kawaida. Kurekebisha wasifu, kumwuliza msaili ulipungukiwa wapi, kumwendea mshenga mwingine, hizo ni hishtadlut. Kumpigia mara ya nne mtu aliyeacha kupokea simu zako, hapana. Kwa Mungu lakini unaruhusiwa kurudia. Zaburi ya 27 inaishia "umngojee" mara mbili, na Talmudi (Berakhot 32b) inalisoma hivi: aliyeomba asijibiwe, aombe tena.

La mwisho ndilo linaloharibiwa zaidi na watu wa dini. Haya yote mtu anajiambia mwenyewe. Akiva aliyasema maneno yake juu ya punda wake. Kumwambia aliyekataliwa kwamba ni matendo yake, kama marafiki walivyomwambia Ayubu, Talmudi (Bava Metzia 58b) inakuhesabu miongoni mwa udhalimu wa maneno. Hata "ni kwa wema" ikitoka kwako uliyeoa, kwake asiyeoa, inauma vilevile. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila neno, na mpaka hapo hawakuwa na kosa. Kwenye msiba sheria inasema mfariji asifungue kinywa kabla ya mfiwa. Kaa hivyohivyo na aliyerudishiwa posa. Peleka chakula, mngoje aseme, kisha umwulize kama anataka umtajie mshenga mwingine sasa au baada ya sikukuu.