Umeanza sindano ya kupunguza uzito? Mashine usiirudishe kabatini bado

Desemba 2024, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliidhinisha sindano ya kupunguza uzito ya tirzepatidi, kwa jina la biashara Zepbound, kutibu apnea ya usingizi (pumzi kukatika-katika mtu akiwa amelala) ya wastani hadi kali kwa watu wazima wenye unene uliopitiliza. Tangu hapo wagonjwa wangu wananiuliza swali lile lile: daktari, nikianza sindano, mashine ya CPAP naiacha lini?

Nawaelewa. CPAP husukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe, na kulala na barakoa hiyo usoni kila usiku kunachosha, na wengi hushindwa.

Usingizini misuli ya koo hulegea. Kwa mwenye ugonjwa huu njia ya hewa huziba, pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni hushuka, ubongo humshtua, anavuta hewa kwa kishindo, kisha koo linaziba tena. Ugonjwa ukiwa mkali, hayo hutokea mara 30 au zaidi kwa saa. Mafuta yana mkono mkubwa hapa: hujikusanya shingoni, kandokando ya koo, hata ndani ya ulimi wenyewe, na yale ya tumboni huyabana mapafu. Kilo zikipungua, koo hupata nafasi.

Katika majaribio ya SURMOUNT-OSA, yaliyochapishwa mwaka 2024, washiriki walianza na wastani wa vipindi kama 50 vya pumzi kukatika au kupungua kwa saa. Baada ya wiki 52 za tirzepatidi vilipungua kwa takriban 25 hadi 29. Kwa waliochomwa sindano isiyo na dawa, kwa kama 5 tu. Nimefurahi mno kuyaona matokeo hayo. Lakini piga hesabu: 50 ukitoa 25 inabaki 25, na hiyo bado ni apnea ya wastani. Wapo waliopata nafuu kubwa kuliko hiyo, wapo waliopata kidogo. Wewe uko kundi gani, kioo na mizani haviwezi kukuambia. Hata kukoroma kukipungua si uthibitisho. Kinachotoa jibu ni kipimo cha usingizi kinachorudiwa uzito ukishatulia.

Tena dawa huanza na dozi ndogo, miligramu 2.5 kwa wiki, ikipandishwa taratibu kwa miezi. Koo linaziba usiku wa leo.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Uso ukikonda, barakoa iliyokuwa inakaa vizuri huanza kuvujisha hewa machoni. Mgandamizo wa hewa uliopangwa ukiwa na uzito wa zamani unaweza kuwa mkubwa kupita kiasi, ukaamka tumbo limejaa hewa. Mgonjwa huona mashine imeharibika, anaivua. Ukiona hivyo, njoo tubadilishe barakoa na kupunguza mgandamizo.

Kwa mwembamba mwenye taya dogo au mafindofindo makubwa, sindano hii si jibu. Na ukiiacha, uzito hurudi kwa wengi, na apnea inaweza kurudi nao.

Ukipangiwa upasuaji, mtaalamu wa nusukaputi aambiwe yote mawili, apnea na sindano: dawa hii huchelewesha chakula tumboni, na kinaweza kupanda na kuingia mapafuni ukiwa kwenye nusukaputi. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango naye amuulize daktari wake kabla ya dozi ya kwanza, kwa sababu tirzepatidi inaweza kuvipunguzia nguvu.