Je, wajua? Ohio mtoto haingizi nguruwe uwanjani bila mafunzo

Ukipita kwenye maonyesho ya kaunti jimboni Ohio, Marekani, mwezi wa Julai au Agosti, utakuta watoto wa miaka tisa au kumi wakiswaga nguruwe wa kilo 120 mbele ya jaji. Kamba hawana. Wana fimbo nyembamba tu, ya kumgusa nguruwe shavuni ili ageuke. Kabla ya kufika hapo, kila mmoja ameshahudhuria mafunzo ya ubora wa mifugo, na jina lake limo kwenye orodha ya waliohitimu mwaka huo. Asiyekuwemo haonyeshi, hata nguruwe wake awe mzuri kiasi gani.

Kwa nini wamsumbue mtoto hivyo? Kwa sababu nguruwe huyo ataliwa.

Wengi tunadhani habari inaishia kwenye utepe wa ushindi. Sivyo. Mtoto hununua kitoto cha nguruwe majira ya kuchipua, humlisha miezi kadhaa, humwonyesha, kisha mnyama hupigwa mnada na kupelekwa machinjioni. Nyama yake inaingia kwenye mlo wa watu kama nyama nyingine yoyote, na sheria ya mabaki ya dawa haiulizi mfugaji ana umri gani.

Wengi wa watoto hao wako kwenye vilabu vya vijana vya 4-H, ambavyo chimbuko lake huhesabiwa kutoka kaunti ya Clark, Ohio hiyohiyo, mwaka 1902. Wakenya wanazijua binamu za vilabu hivyo: 4-K, zilizoanzishwa mwaka 1962 kwa kufuata mfano wa Wamarekani na kufufuliwa shuleni mwaka 2021. Wengine wako FFA, chama cha wanafunzi wa kilimo kilichoanza mwaka 1928.

Mafunzo yanayotumika katika majimbo mengi yanaitwa YQCA, kifupi cha Kiingereza cha mafunzo ya vijana ya kutunza mifugo kwa ubora. Ni ya vijana wa miaka 8 hadi 21, huchukua kama saa moja, na hurudiwa kila mwaka. Yana mada tatu: usalama wa chakula, ustawi wa mnyama, na tabia ya mfugaji mwenyewe. Ya ustawi wengi wanaibahatisha bila kufundishwa: maji safi, kivuli, banda kavu, nguruwe asiachwe juani maana hatoki jasho la kumpoza. Kazi iko kwenye usalama wa chakula.

Anzia kwenye sindano. Mwulize mtu asiyefuga: nguruwe adungwe wapi? Atakuambia pajani, si ndipo penye nyama tele? Hapo ndipo anapokatazwa mtoto. Nguruwe hudungwa shingoni, nyuma ya sikio. Sindano huacha kovu, na mara nyingine jipu, ndani ya msuli. Jipu la shingoni mchinjaji atalikata na kutupa kipande cha bei ndogo. La pajani litaharibu sehemu ambayo mnunuzi ameilipia ghali. Na sindano ikikatikia ndani? Mnyama anatiwa alama papo hapo, na anayemnunua anaambiwa. Kunyamaza hakuruhusiwi, maana kipande hicho cha chuma kinaweza kuishia kwenye sahani ya mtu.

Halafu kuna hesabu ya siku. Kila dawa ina muda wa kusubiri, yaani siku ambazo lazima zipite kati ya dozi ya mwisho na kuchinja. Chukua antibiotiki iitwayo oksitetrasaiklini, aina inayokaa muda mrefu mwilini, ile ambayo wafugaji wa huku wanaiita OTC tu. Lebo za Marekani za aina yenye miligramu 200 kwa mililita hutaka siku 28 kwa nguruwe na ng'ombe. Sasa nguruwe akidungwa tarehe 20 Julai, siku hizo zinakamilika tarehe 17 Agosti. Kama mnada ni tarehe 14, zimebaki siku tatu, na siku tatu hizo hazina mjadala. Siku moja huhesabiwa saa 24 kamili tangu dozi ya mwisho, kwa hiyo aliyedunga jioni hawezi kujihesabia asubuhi yake. Tena hesabu hiyo ni ya aliyefuata lebo. Ukiongeza kipimo au ukidunga njia tofauti, namba ya kwenye chupa haikuhusu tena. Ni daktari wa mifugo tu anayeweza kukupa nyingine.

Ndiyo maana mtoto hufundishwa kuandika: namba ya hereni ya mnyama, tarehe, dawa, kipimo, mahali alipodungwa, nani alidunga, na tarehe ambayo mnyama atakuwa salama kuchinjwa. Ohio inataka pia fomu ya taarifa za dawa kabla ya maonyesho, na mzazi au mlezi naye hutia saini. Tangu tarehe 11 Juni 2023 antibiotiki ambazo pia hutibu binadamu hazipatikani tena Marekani bila andiko la daktari wa mifugo, kwa hiyo ile njia ya kukimbilia dukani usiku imefungwa.

Lakini Ohio ilikuwa na sababu yake ya kukaza uzi. Mwaka 1994 maonyesho ya jimbo yalichafuka kwa kashfa: wanyama walioshinda waligundulika wamechezewa. Kulikuwa na klenbutero, dawa ya mapafu inayojaza misuli na kupunguza mafuta. Kulikuwa pia na mafuta yaliyodungwa chini ya ngozi ili mwili uonekane umejaa. Waliohusika hawakuwa watoto peke yao. Mtoto wa miaka kumi hajui klenbutero inauzwa wapi. Nayo si mchezo: Hispania mwaka 1990 watu 135 waliugua kwa kula maini ya ng'ombe waliopewa dawa hiyo, wakatetemeka na mioyo kuwaenda mbio. Baada ya kashfa Ohio ilitunga kanuni dhidi ya kuchezea mifugo ya maonyesho. Kwangu mimi, saa moja ya darasa haimgeuzi baba mwenye tamaa ya kombe. Kipimo cha mkojo wa mshindi ndicho kinachomtisha.

Mwaka 2012 likaibuka la mafua. Aina ya H3N2v, inayotoka kwa nguruwe, iliwapata watu 309 Marekani, wengi wao watoto waliokuwa wamekaa kwenye mabanda ya maonyesho. Indiana na Ohio ziliongoza. Baada ya hapo wataalamu wakashauri nguruwe wasikusanywe uwanjani zaidi ya saa 72, maana kadiri wanavyokaa pamoja ndivyo virusi vinavyopata wa kuwaambukiza. Watoto wanaambiwa pia wasile wala kunywa bandani, wanawe mikono wakitoka, na nguruwe anayekohoa abaki nyumbani, hata kama utepe ulikuwa karibu kabisa.