Doa jekundu lisiloisha kwenye uume wa mzee: maswali na majibu

Swali: Baba ana miaka 68, hajatahiriwa. Ana doa jekundu kwenye kichwa cha uume, miezi sasa, haliumi sana, kapaka dawa za fangasi wapi. Ni nini hii?

Jibu: Inaweza kuwa balanaitisi ya Zoon, yaani uvimbe na wekundu wa kichwa cha uume; Zoon ni jina la daktari wa Uholanzi aliyeieleza mwaka 1952. Inawapata zaidi watu wazima na wazee wenye govi, mkojo na unyevu vinabaki humo chini, ngozi inasuguana kila siku mpaka inawaka. Doa linang'aa kama limelowa, mipaka yake inaonekana vizuri, na mara nyingi upande wa ndani wa govi unapogusana nalo kuna doa jingine.

Swali: Mama kanuna, anasema mzee kayatoa nje.

Jibu: Hapana jamani, Zoon haiambukizwi kwa ngono. Kaswende na VVU apime tu, sukari pia, maana kuna magonjwa mengine yanafanana nayo na kisukari kinaleta fangasi wasioisha.

Swali: Daktari anataka kukata kinyama apime, mzee anagoma.

Jibu: Hapo nawaomba sana msimwache agome. Kuna dalili za mwanzo za saratani ya uume zinazofanana kabisa na Zoon, kwa macho tu hata daktari mzoefu anaweza kukosea. Anachomwa ganzi, kinatolewa kipande kidogo, kinaenda maabara. Ndio maana zile krimu za mchanganyiko za duka la dawa zinaniogopesha, zina steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu, basi wekundu unapoa kidogo mnadhani amepona, kumbe tatizo linaendelea chini kwa chini.

Swali: Ikithibitika ni Zoon?

Jibu: Aoshe kwa maji bila sabuni kali, akaushe vizuri. Daktari atampa steroidi ya kupaka kwa muda maalum au takrolimasi, dawa nyingine ya kupaka isiyo steroidi, zinasaidia ila ukiacha doa linaweza kurudi. Kinachomaliza kwa wengi ni tohara.

Swali: Tohara na umri huo?

Jibu: Inafanyika, kwa ganzi ya sehemu tu. Waangalie presha na sukari kwanza, na kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema. Baada ya tohara tendo la ndoa asubiri kama wiki 6. Ila akiona kidonda kigumu, damu, mkojo unatoka kwa shida, asisubiri kliniki ya mwezi ujao, aende wiki hiyohiyo, na govi likirudi nyuma likakwama ni dharura, mpelekeni saa hiyohiyo hata kama ni usiku.