Kidonge cha damu usikimeze na chai

Walimu wa maandalizi wakituuliza sisi watu wa lishe kwa nini mtoto fulani anasinzia darasani, herufi hazishiki, wenzake wanakimbia yeye kakaa pembeni, wanategemea tuzungumze mambo ya vitabu na midoli. Mimi huanza kuuliza mama yake alipokuwa na mimba vidonge vya damu akivimeza na nini.

Maana hapo kwenye "na nini" ndo tunapoharibu. Kliniki mama anapewa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, kimoja kila siku, akifika nyumbani anakimeza asubuhi na chai ya rangi na boflo kwa sababu ndo wakati anaokumbuka, sasa chai ina vitu vinavyoyashika yale madini yasiingie mwilini, hata kwa chakula tu ikinywewa pamoja nacho inaweza kupunguza zaidi ya nusu ya chuma ambacho mwili ungechukua. Kahawa nayo haiko mbali. Meza kwa maji, ukipata chungwa au pera ndo vizuri zaidi, chai isubiri japo saa nzima. Kikikuchafua tumbo meza usiku ushakula kidogo, na choo kikiwa cheusi usitishike, ni kawaida.

Akiba kubwa ya chuma mtoto anaipata ile miezi mitatu ya mwisho ya mimba, na ndo anayoitumia mpaka kama miezi sita, maziwa ya mama hayana mfano lakini chuma yana kidogo. Na si damu peke yake, ubongo pia unajijengea kwa hicho chuma, tumboni na miaka miwili ya mwanzo. Ukimpa chuma akishafika miaka mitano damu itapanda, ila yaliyopotea kwenye ubongo hayarudi yote. Ndo maana hata mkunga hatakiwi kukimbilia kukata kitovu, asubiri dakika moja mpaka tatu mtoto aongezeke damu.

Na wewe mjamzito unaejificha kula udongo, usione haya, mwambie nesi, huenda damu imepungua au una minyoo ya safura. Wingi wa damu ukiwa chini ya 11 kwenye kipimo ni ishara mbaya.

Mtoto akitimiza miezi sita, uji mtupu hautoshi, mtilie dagaa waliosagwa, ini, yai, samaki, na anyonye vilevile. Hili la kumchovyea biskuti kwenye chai mtoto wa miezi saba, mabibi zangu mniwie radhi, mimi sikubaliani nalo kabisa.

Lakini pia msikimbilie duka la dawa kununua siropu ya damu. Hapa hapa Pemba ulifanyika utafiti mkubwa, matokeo yakatoka 2006, watoto wadogo wakipewa chuma na foliki kila siku bila kuangalia nani kapungukiwa, na malaria wakati huo ilikuwa nyingi, wakaonekana kulazwa au kufa zaidi kuliko wasiopewa. Wale waliokuwa na upungufu wa kweli ndo waliofaidika. Malaria leo imeshuka sana, lakini mpime kwanza, kwani yupo mwenye sikoseli ambae damu yake iko chini na chuma hakijampungua, huyo siropu haimsaidii kitu.