Modeli ya ndege ya vita haihitaji kuchafuliwa namna hiyo: dhana potofu na ukweli wake

Jamani hili suala limenichosha. Mteja ananionyesha picha ya modeli ya plastiki aliyoipenda, Spitfire (ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili) ya 1/48, yaani ndogo mara 48 kuliko ndege yenyewe, kila mstari wa paneli (ungio la bati na bati) umepigwa woshi (rangi nyepesi inayotiririka kwenye mistari) nyeusi tii, rangi imechunika kila kona mpaka alumini inaonekana kwenye mabawa, kwenye bodi, hadi kwenye usukani wa mkia, afu anasema "nataka yangu iwe hivi, ionekane orijino, si ilikuwa vitani". Na ninaowafundisha nao ni hivyo hivyo, mtu hajamaliza hata kupiga msasa maungio anauliza woshi gani ni nyeusi zaidi. Kwa hiyo leo naandika yote kwa mpigo, na naanza na hiyo yenyewe maana ndo inayoharibu kazi nyingi kuliko zote.

Dhana: ndege ikiwa ya vita lazima iwe chafu, mistari iwe myeusi na rangi iwe imechunika kila mahali

Si kweli, na anayetaka kubishana aanze na hesabu. Chukua mstari wa paneli wenye upana wa milimita 0.2 tu, ambao kwenye plastiki sote tunauona mwembamba. Skeli ni 1/48, zidisha kwa 48, unapata milimita 9.6. Karibu sentimita nzima! Kwenye 1/72 ni milimita 14.4. Sasa niambie ni ndege gani ya kivita ilikuwa na nyufa za sentimita moja kati ya bati na bati halafu ikaruka kilomita 600 kwa saa. Bati za ngozi ya ndege zilipandana au zilikutana ukingo kwa ukingo, mahali pengi kucha haiingii. Maana yake mstari uliochongwa kwenye plastiki tayari umetiwa chumvi na kiwanda, na wewe ukiujaza nyeusi unaongeza chumvi juu ya chumvi. Pia fikiria umbali: ukiitazama modeli ya 1/48 ukiwa nusu mita ni sawa na kusimama mita 24 kutoka kwenye ndege yenyewe, na hapo kinachoonekana kwanza ni rangi, umbo na vivuli, mistari inafuata baadaye sana, na mingine haionekani kabisa.

Mfano unaoniuma zaidi ni P-51 Mustang, ndege ya kivita ya Marekani. Bawa la Mustang lilibuniwa ili hewa ipite juu yake bila kuvurugika, na kwa ajili hiyo kiwandani walijaza puti kwenye maungio na ribiti (pini za kufungia bati) za sehemu kubwa ya mbele ya bawa, wakapiga msasa, wakapaka praima (rangi ya kwanza ya chini), na kwenye zile ndege "za fedha" bawa likapuliziwa rangi ya fedha. Bodi ndo iliyoachwa alumini tupu. Kwa hiyo mtu anayepaka bawa zima rangi ya chuma kinachong'aa kama kioo halafu anachora mistari na ribiti kwa woshi nyeusi, amefukua kitu ambacho watu wa kiwandani walitumia saa nyingi kukifukia. Mimi kwenye Mustang najaza ile mistari ya mbele ya bawa kwa puti nyepesi, napiga msasa wa maji mpaka kidole kisihisi chochote, naacha tu milango ya risasi na bunduki na kifuniko cha tangi, kisha napulizia fedha iliyofifia kidogo kuliko ya bodi. Tofauti ya mng'ao kati ya bawa na bodi ndo inayoifanya ionekane Mustang. Woshi haikupi hiyo.

Sisemi mistari isiguswe. Kuna mistari inayostahili giza: vifuniko vya injini vilivyofunguliwa na mafundi kila siku na oili ikavuja humo, milango ya risasi, na pale aleroni (vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoinamisha ndege) na usukani zinapokunjia, maana hapo kuna pengo la kweli lenye kivuli cha kweli. Hapo tumia kahawia iliyoiva au kijivu kilichokolea. Kwingine chukua rangi ile ile ya chini uikoleze hatua moja tu, basi. Nyeusi ya chupa kaa nayo mbali, hasa kwenye tumbo la ndege lenye rangi ya anga, pale inageuka kuwa daftari la mistari.

Haya, kuchunika kwa rangi. Kabla hujashika brashi ya fedha jiulize swali moja tu: hapa chini ya rangi kuna nini? Hurricane ya Waingereza kwa mfano, nyuma ya chumba cha rubani bodi yake ni kitambaa kilichovutwa juu ya fremu. Kitambaa! Hakiwezi kuchunika kikatoa alumini, hata vita ingepigwa miaka 100. Mosquito, nayo ya Waingereza, ni mbao, balsa katikati ya plaiwudi ya mti wa birch, juu yake kitambaa na rangi, lakini kila mara nakutana na Mosquito imetapakaa vidoa vya fedha mabawani na inaumiza macho. Usukani wa mkia wa Spitfire ni kitambaa pia. Hata propela: Spitfire nyingi zilifungwa propela za Rotol zenye mapanga ya mbao, sasa unapopaka ukingo wake fedha unakuwa umebadilisha propela bila kujua.

Spitfire ya kweli iliyotumika inachunika mahali panapoeleweka. Mlango mdogo wa rubani uko kushoto, kwa hiyo bawa la kushoto pale linapoungana na bodi ndo panapokanyagwa na viatu vya rubani na mafundi kila siku, pale pamekwaruzwa na kuna vumbi au tope. Upande wa kulia haukanyagwi sana. Zunguka skrubu za vifuniko vya injini utakuta mikwaruzo ya bisibisi. Ukingo wa mbele wa bawa, kidogo. Ukifanya hivyo tu, kushoto kuchoke kuliko kulia, mtu anayejua ndege ataganda hapo dakika nzima anaangalia, kwa sababu ameona kwamba ndege ilipandwa na mtu. Ukinyunyiza vidoa vya fedha kwa sponji kila mahali sawasawa, hakuna kilichosimuliwa.

Na kabla hujaniambia "mbona nimeona picha za ndege za Japani zimebambuka zote", ni kweli kabisa. Ndege nyingi za jeshi la nchi kavu la Japani zilipakwa rangi moja kwa moja juu ya alumini bila praima, na nyingine zilipakwa uwanjani kwa haraka, ndo maana Ki-61 na Ki-84 unaziona zimebambuka mapande kwa mapande. Hapo chuna bila huruma. Ila sababu ni praima iliyokosekana, wala siyo "uvita" wake, na ukibeba mtindo huo ukaupeleka kwenye Spitfire iliyopakwa vizuri kiwandani na kukaa kikosini miezi michache tu, umekosea.

Moshi wa ekzosi nao hauwi mweusi kama masizi ya jiko. Petroli ya ndege ya wakati ule ilikuwa na madini ya risasi ndani yake, na injini ikisafiri kwa mchanganyiko wenye mafuta kidogo inaacha alama ya kijivu cheupe au kahawia hafifu. Kwa hiyo anza na kahawia nyembamba iliyokolea kidogo, halafu katikati pitisha kijivu cheupe chenye majimaji mengi, fuata upepo unavyopita ubavuni, usichore mstari ulionyooka kama rula. Kwenye bunduki ni kuangalia tu usijipinge: midomo ya bunduki za mabawani za Spitfire na Hurricane ilifunikwa na kitambaa ili unyevu usiingie ukaganda huko juu, sasa kama umeweka vile viraka vyekundu vizima, masizi ya risasi yanatoka wapi? Ama kiraka kizima na bawa safi, ama kiraka kimetoboka na masizi yapo. Chagua moja.

Ushauri wangu ambao nitaurudia hadi watu wachoke: tafuta picha ya ndege hiyo hiyo, namba hiyo hiyo, ikibidi ya kikosi hicho hicho na mwaka huo huo, uibandike mbele ya meza. Modeli ya mtu mwingine siyo ushahidi. Yule naye alikopi kwa mwenzake.

Zilizobaki nazimaliza haraka.

"Michirizi ya D-Day (ile nyeusi na nyeupe ya uvamizi wa Washirika huko Normandy) lazima iwe imenyooka kabisa." Hapana, na inachekesha kwamba hapa ndo watu wanataka usafi. Agizo lilifika mwanzoni mwa Juni 1944 na mafundi walipaka ndege maelfu kwa muda mfupi mno, wengi kwa brashi za kawaida. Upana uliotakiwa kwa ndege ya injini moja ulikuwa inchi 18, yaani karibu milimita 9.5 kwenye 1/48 na 6.35 kwenye 1/72. Vipimo vishike, kingo ziache zitetemeke kidogo kama picha yako inaonyesha hivyo.

"Dikali (alama za kubandika kwa maji) zinaacha weupe kwa sababu ni feki." Mara nyingi dikali haina kosa. Umeibandika juu ya rangi isiyong'aa, uso wake una vishimo vidogo, hewa imenasa chini, ndo huo weupe. Puliza vanishi ya kung'aa kwanza, iache ikauke sawasawa, bandika na dawa ya kulainisha dikali, afu ndo umalizie na vanishi isiyong'aa. Hii hatua watu wanairuka kila siku na kila siku wanalalamika.

"Super glue inashika kila kitu, hata kioo cha rubani." Inashika, na mvuke wake unakiachia kioo ukungu mweupe ndani ambako huwezi kufika tena. Kioo bandika na gundi nyeupe ya mbao, inakauka bila rangi na ikizidi unafuta kwa maji.

"Ukinunua vipande vya chuma vya kuongezea, modeli inakuwa nzuri." Mikanda ya kiti ya chuma ni mizuri sana, naipenda, lakini haifichi ungio la bodi linaloonekana kama kovu mgongoni. Unganisha kwanza bila gundi uone panapogoma, kwangua, jaribu tena. Pesa ya vipande utaitumia vizuri zaidi ukiwa umeshajua hilo.

"Bila eabrashi (kifaa kidogo cha kupulizia rangi) huwezi." Unaweza, kwa brashi bapa laini na rangi iliyochanganywa iwe nyepesi kama maziwa, tabaka mbili tatu nyembamba, kila moja ikauke kwanza. Wengi wanaonunua eabrashi wanapuliza rangi nzito ile ile na inatoka na chembechembe.

Ya mwisho ni hii ya kufungua kila kitu: "flapu (vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) zikishuka modeli inapendeza." Inategemea ndege. Flapu za Spitfire ziliendeshwa kwa hewa, zina hali mbili tu, juu au chini, na rubani alitakiwa azipandishe mara tu baada ya kutua, kwa hiyo Spitfire iliyoegeshwa na flapu chini ni nadra sana. Ukiamua kuzishusha hata hivyo, kumbuka kile kijimlango juu ya kila bawa kinachoinuka flapu zikiwa chini, wengi wanakisahau. Mustang ni kinyume chake, presha ya haidroliki ikiisha flapu zinalegea na milango ya ndani ya magurudumu inaning'inia yenyewe, kwa hiyo Mustang iliyoegeshwa muda na kila kitu kimefungwa ndo ya kutilia shaka. Na Bf 109 ya Wajerumani, zile slati (vipande vinavyosogea mbele) za ukingo wa mbele wa bawa hazina mota, zinasukumwa na hewa tu, ikiwa chini mara nyingi zinakaa wazi, ziache wazi na ndani yake upake rangi kabla hujazibandika, maana baadaye brashi haifiki.