Je, wajua kwa nini kujibu maswali hukaza somo kuliko kulisoma tena?

Baadhi ya walimu wa Lubumbashi wanaowaandaa wafinalisti wa sekondari kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari nchini Kongo, hutuma maswali kwenye simu sura inapokwisha, ili wajue nani ameelewa. Ni jambo jema, ila linabeba dhana potofu kwamba jaribio hupima tu: somo limeshaingia, sasa tuangalie limeingia kiasi gani. Kwa dhana hiyo, mwanafunzi asiyejiona tayari huahirisha maswali na kurudi kwenye daftari, akasoma mara ya tatu, mara ya nne. Kila mstari anaukuta ameshauzoea, na mazoea hayo anayahesabu kuwa ujuzi.

Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu maandiko mafupi. Andiko moja walilisoma tena. Jingine waliandika walichokikumbuka, bila kuangalia wala kusahihishwa. Walipopimwa baada ya dakika 5, kusoma tena kuliongoza kwa 81% dhidi ya 75%. Baada ya wiki moja, kusoma tena kulibaki na 42%, na kukumbuka 56%. Ajabu hiyo ndiyo inayoifanya dhana potofu idumu: usiku wa kusoma, daftari kweli linaonekana kushinda.

Mfikirie abiria anayepanda taksi kila siku kutoka Katuba hadi mjini. Kila kona anaitambua. Siku atakayoambiwa amwelekeze dereva mgeni, atasita njiapanda, kwa kuwa hajawahi kuamua yeye mwenyewe pa kukata. Akilazimika kuamua mara chache, hata kwa kusitasita, njia inakuwa yake. Swali humweka mwanafunzi njiapanda. Daftari humpitisha tu.

Kwa hiyo ubora wa swali ni ubora wa hiyo njiapanda. Ukiuliza alama ya kobalti, weka Co, CO, Cu na K. CO ni monoksidi ya kaboni, Cu ni shaba, na K, inayoweza kudhaniwa kuwa ya kobalti kwa sauti yake, ni potasiamu. Majibu ya kipuuzi hayamlazimishi mtu kukumbuka chochote. Lakini mtego mzuri una hatari: aliyechagua CO asiposahihishwa anaweza kuondoka akiamini CO. Kwenye Google Forms, washa hali ya jaribio, weka jibu sahihi, kisha andika maelezo ya jibu lisilo sahihi, sentensi moja inayosema kwa nini. Changanya mpangilio wa majibu. Kwa majibu ya kuandika, ingiza kila tahajia unayokubali (kobalti, cobalt), la sivyo programu italikataa jibu la kweli.

Maswali 5 hadi 8 yanatosha kwa mara moja. Yarudie baada ya siku kadhaa, yakichanganywa na ya sura iliyopita. Faida hii imethibitishwa zaidi kwa maarifa ya kukumbuka. Kwa mafumbo marefu ya hesabu watafiti bado wanabishana.

Umeme na mtandao vikikatika ovyo, programu ya simu ya Moodle, jukwaa la masomo ya mtandaoni, huruhusu kujibu nje ya mtandao, mradi mwalimu ameruhusu na hajaweka kikomo cha muda. Masahihisho yatakuja baada ya kutuma, basi panga kuyapitia darasani kesho yake.